Mwiko wa Matangirei

"Utampa kwa mkono wako mwenyewe," Te Ruakawa alimwambia binti yake. "Akisita, mbembeleze. Nyinyi mnajuana, usijifanye mgeni leo."

Hinepua aliketi mbele ya baba yake. Katikati yao palikuwa na kiazi kitamu kimoja juu ya jani, kimeiva, bado kina joto la mawe ya tanuri. Kilikuwa cha mwisho katika ghala la ngome nzima. Watoto wa kaka yake walikuwa wamelizunguka tanuri lile tangu alfajiri kwa ajili ya harufu tu, mpaka mama yao akawaondoa kwa kuwavuta masikio. Na sasa kiazi chenyewe kilikuwa kinapelekwa kwa adui.

"Baba, unajua kitakachompata akikila?"

"Najua. Nisingejua ningekila mimi."

Shangazi Rerekohu, dada wa Te Ruakawa, alikuwa ameegemea nguzo ya mlango. Akacheka kicheko kikavu. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu, kama ya kila mtu mle ndani.

"Kaka, mwambie mtoto yote. Mwambie na ulimi wa nani uliotufikisha hapa."

"Rerekohu, meza maneno yako."

"Niyameze na nini? Mate yenyewe sina."

Ngome ya Pukewhau ilijengwa na watu waliofikiria kila kitu isipokuwa maji. Upande wa bahari palikuwa na genge refu ambalo hata ndege walitua juu yake kwa tahadhari. Upande wa nchi kavu kulikuwa na kuta tatu za magogo yaliyochongwa ncha, na mahandaki katikati yake. Hakuna adui aliyewahi kuingia kwa nguvu. Lakini chemchemi ilikuwa chini, nje ya lango, na sasa ilikuwa mikononi mwa Tamakaha, mkuu wa maadui, na wapiganaji wake. Walikuwa wakioga pale. Walirushiana maji wakicheka, makusudi kabisa, ili watu wa juu waone. Kuta zilizokuwa zikiwalinda watu wa Pukewhau sasa ndizo zilizowafungia.

Na yote yalianzia kwenye karamu ya mavuno. Te Ruakawa alishiba, akajisikia, akatamka mbele ya wageni kwamba fuvu la babu wa kina Tamakaha lingefaa kuwa kibuyu cha kuwekea mafuta ya ndege. Ulimi hauna mfupa. Katika nchi ile kichwa cha mtu hakitajwi pamoja na chakula hata kwa mzaha, sembuse kichwa cha babu wa watu waliokaa hapo hapo wanakula chako. Wageni waliacha chakula, wakainuka, wakaondoka kimya. Waliporudi walikuja na silaha.

Aliyekuwa akiwatangulia hao waliorudi ni Matangirei, mdogo wake Tamakaha. Ndiye huyo huyo ambaye Hinepua alikuwa akimwota macho wazi tangu msimu mmoja wa kuvua mikunga, walipokutana kwenye mabwawa ya mpakani na kurudi kila mmoja kwao na kikapu kitupu. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Matangirei alituma watu kuposa, na Te Ruakawa akawarudisha. "Ukoo wa mdogo hauchukui binti wa ukoo wa mkubwa," alisema. Baada ya posa kukataliwa ikaja karamu, na baada ya karamu ikaja vita.

"Sikiliza, mwanangu." Sauti ya Te Ruakawa ilikuwa imelainika, na Hinepua aliiogopa zaidi ilipolainika. "Yule kijana amefungwa mwiko wa vita. Kuhani wao amemnyunyizia maji ya mto, amemkabidhi kwa Tu, mungu wa vita. Haguswi na mwanamke. Hali kilichopikwa na mwanamke. Akila tu, mungu anampa kisogo, na si yeye peke yake. Jeshi zima linafuata mgongo wake! Nani atapigana nyuma ya mgongo uliochafuka? Watakunja virago warudi kwao, na sisi tutashuka tukanywe maji."

"Na yeye?"

"Yeye ni mtoto wa nani wako?"

Hinepua akatazama chini.

"Anakuja kulia msiba," alisema kwa sauti ndogo. "Unataka nimtege mtu aliyekuja kulia msiba."

Msiba wenyewe ulikuwa wa Bibi Te Aohuna, aliyekata roho jana kwa kiu. Aliolewa Pukewhau akiwa msichana, lakini kwao ni kule kwa adui, na bibi yake Matangirei alikuwa dada yake wa tumbo moja. Desturi haikuwa na utata. Ndugu mmoja wa marehemu ataingia ngomeni mikono mitupu, atalia, atatoka salama, halafu vita viendelee.

"Simgusi," Te Ruakawa alisema. "Hakuna atakayemgusa. Namkaribisha chakula. Tangu lini kumkaribisha mgeni chakula kukawa kosa?"

Rerekohu akaguna. "Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo," alisema, akakichukua kiazi, akakitia katika kikapu kidogo cha majani, akampa Hinepua. "Kifiche ndani ya joho. Twende. Nitasimama karibu."

Lango lilifunguliwa kiasi cha mtu mmoja kupita. Matangirei akaingia.

Hinepua alikuwa amejiandaa kumwona adui. Alikuwa amejifundisha usiku na mchana jinsi ya kumchukia, na kwa kweli alikuwa amefika mbali. Lakini mtu aliyeingia alikuwa na mwendo ule ule wa kuinua bega la kushoto kidogo, na chale za usoni zilikuwa zile zile alizoziona zikiwa mbichi na zimevimba, siku Matangirei alipokatazwa kucheka na akacheka hivyo hivyo kwa sababu yake Hinepua. Nywele zilifungwa fundo utosini, na kwenye fundo lile ulisimama unyoya mweupe wa ndege wa baharini. Moyo wa Hinepua ukamsaliti papo hapo.

Matangirei alisimama mbali na maiti, akainama, akalia. Alilia kwa sauti, machozi na kamasi bila kuficha, kama mwanamume anavyotakiwa kulia. Akamwita Bibi Te Aohuna kwa majina yake yote. Akamwomba msamaha. Wanawake wa Pukewhau wakamwitikia, na kwa kitambo hapakuwa na adui pale uwanjani. Kulikuwa na ndugu tu na maiti wao.

Alipomaliza, alitembea peke yake hadi kwenye uzio wa upande wa genge, mahali penye upepo mkali, ambapo desturi haikumruhusu mtu mwingine kumkaribia sana. Akageuka, akamtazama Hinepua. Hinepua akaenda. Shangazi Rerekohu akafuata, akasimama hatua kadhaa nyuma, akajifanya anaangalia bahari.

"Usisogee tena, Hine. Hapo hapo panatosha."

"Nimesogea?"

"Macho yako yamesogea."

"Na yako je?"

Matangirei akatabasamu, kisha akakumbuka alipo, tabasamu likafa.

"Umekonda."

"Wewe umenawiri. Maji yetu matamu, eh?"

"Sinywi pale."

"Acha uongo."

"Kweli. Naenda kunywa mtoni, mbali. Wenzangu wananicheka. Lakini nikiinama pale chemchemini, najua uko juu unanitazama. Maji hayapiti kooni."

Hinepua alitaka kumtukana. Alikuwa ameandaa matusi mazuri, mengine ya mashairi. Hakuna hata moja lililokuja. Alikuwa akimwangalia tu, jinsi kiu inavyoangalia maji, na alijua kwamba shangazi yake anaona, na hakujali.

"Kwa nini umenitazama mbele za watu?" aliuliza. "Una la kusema, sema. Muda wako mfupi."

Matangirei aliliweka vizuri joho lake la manyoya mabegani. Lilikuwa joho zito, jekundu na jeusi, la kurithi. Watu wa pande zote walilijua.

"Nimekuja kukuchukua."

"Nini?"

"Nikikufunika kwa joho hili na kutoka nawe langoni, hakuna mkono wa upande wetu utakaokugusa. Wewe utakuwa wangu, chini ya jina langu. Baba yako hataweza kukuzuia mbele ya msiba. Hine, nisikilize. Njoo sasa. Njoo hivi ulivyo."

Upepo ulipiga. Hinepua akalikaza joho lake. Mara ngapi alikuwa amesubiri maneno haya? Kule mabwawani alikuwa ameyasikia katika ndoto yakisemwa kwa sauti hii hii. Yalikuwa yamefika siku mbaya kuliko zote.

"Na mama yangu?"

Matangirei akalitazama joho lake.

"Na watoto wa kaka yangu? Shangazi huyu hapa?"

"Joho ni moja, Hine."

"Kwa hiyo nitoke nikanywe maji, nikae nikisubiri mkimaliza."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ilivyo! Lini? Nijibu. Lini mnapanda?"

Alisita. Mtu wa vita hasemi siku. Lakini alikuwa amesimama mbele ya mwanamke pekee ambaye hakuwahi kumdanganya.

"Kesho," alisema. "Kaka ndiye aliyenituma. Alisema, kamtoe mwanamke wako leo, ili kesho mkono wako usitetemeke."

Ndani ya joho, vidole vya Hinepua vilikuwa vimekishika kiazi bila yeye kujua. Aliposikia neno kesho, vikakaza, na kiazi kikapasuka katika kiganja chake. Ule ujiuji wake wa moto ulimpita kati ya vidole. Ndipo akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayekaribia kulia.

"Kumbe na wewe umetumwa."

"Na mimi? Nani mwingine ametumwa?"

"Mimi." Akatoa kikapu. Matangirei alipoona kilichomo, alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga uzio. "Usiogope, sikusogelei. Baba anataka nikulishe hiki. Nikubembeleze ule mkononi mwangu, ili mwiko wako uvunjike, na jeshi lenu lirudi nyumbani. Kaka yako kakutuma na joho, baba yangu kanituma na kiazi. Sisi ni chambo tu, Matangirei, pande zote mbili."

"Hine..."

"Sijamaliza. Nimekaa na kitu hiki kifuani nikiwaza. Nikikupa, watu wangu watakunywa maji. Nisipokupa, kesho utakuja na silaha juu ya kuta hizi na utamkuta mama yangu. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Siwezi kutoka nawe na siwezi kukutega. Sina pa kwenda. Umesikia? Sina pa kwenda!"

Akainua kikapu, akakirusha juu ya uzio. Kikapu na kiazi vikapotea gengeni, na ndege wa chini wakapiga kelele kugombania.

"Mama yangu wee!" Rerekohu alisahau bahari yake. "Una wazimu? Kiazi! Ungempa hata mtoto, mwehu wewe! Watu wanatafuna ngozi za mbwa humu, wewe unalisha ndege?"

"Shangazi, niache."

"Nikuache nimwambie nini baba yako?"

"Mwambie nimekataa."

Rerekohu akashika kiuno, akatazama genge, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Chozi lilimtoka. Tusimcheke, maana njaa ilikuwa imemfika mahali ambapo kiazi kimoja ni msiba.

Matangirei hakuwa amesogea. Alikuwa akimwangalia Hinepua kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini umekitupa? Ungeweza kuwaokoa watu wako."

"Kwa sababu wangekucheka. Ningeweza kuvumilia ufe. Nimejizoeza hilo. Lakini utembee duniani ukichekwa, na mimi ndiye niliyekufanya hivyo, hapana. Hilo sijaweza."

 Machozi ambayo Matangirei alimlilia Bibi Te Aohuna yalikuwa hayajakauka, na sasa mengine yalikuja juu yake. Akageuza uso upande wa bahari ili asionekane, na hapo upepo ukampiga kichwani, fundo la nywele likalegea, na unyoya mweupe ukachomoka.

Ulizunguka hewani mara moja, ukaelekea gengeni.

Hinepua aliudaka. Hakufikiri. Ukiona kitu cha mtu umpendaye kinaanguka, mkono unakwenda wenyewe. Aliunyoosha mkono juu ya uzio, akaukamata katika nukta ya mwisho, akacheka kwa mshangao kama msichana wa mabwawani, akampelekea. Matangirei akaupokea upande wa pili wa kijiti cha unyoya, kwa ncha za vidole, kwa uangalifu mkubwa asije akagusa ngozi yake. Wote wawili walitabasamu kwa uangalifu ule. Akaurudisha kwenye nywele, akalikaza fundo kwa mikono miwili.

Rerekohu ndiye aliyeona kwanza. Akaziba mdomo.

"Nini, shangazi?"

Rerekohu alinyoosha kidole. Hinepua akatazama kilipoelekea, kwenye nywele nyeusi za Matangirei, na akaona utando wa njano umeganda pale kijiti cha unyoya kilipozama. Kisha akatazama kiganja chake. Ulikuwepo humo pia, kati ya vidole, chini ya kucha. Hakuwa amenawa. Angenawa na nini? Hapakuwa na tone la maji ngome nzima.

Akakinyoosha kiganja mbali na mwili wake.

Matangirei alipandisha mkono kichwani polepole, akagusa, akashusha, akatazama vidole vyake. Akavinusa. Rangi ilimtoka usoni mpaka chale zikabaki peke yake.

Chakula kilichopikwa na mwanamke, kimepakwa kwenye kichwa cha mtu wa vita aliyefungwa mwiko. Afadhali angekila.

"Sikukusudia," Hinepua alinong'ona. "Matangirei, nilikuwa nimekitupa. Umeniona nikikitupa. Nilisahau mkono. Naapa kwa..."

Hakumaliza. Uwanjani watu walikuwa wameshaona uso wa Rerekohu, na Te Ruakawa alikuwa akija kwa hatua kubwa. Alifika, akatazama kichwa cha kijana, akatazama mkono wa binti yake. Furaha iliyompanda usoni ilikuwa mbaya kuitazama.

"Ahaa! Hiyo ndiyo damu yangu!" Akamshika Hinepua bega akamtikisa. "Mimi nilikwambia mlishe, wewe umempaka utosini! Hata mimi nisingewaza!"

"Baba, hapana. Sikufanya hivyo. Haikuwa..."

"Usione haya, mwanangu. Umetuokoa!"

Hinepua alitazama huku na huku. Watu walikuwa wamewazunguka, macho yamewatoka, midomo iliyopasuka inacheka. Mama yake alikuwa akilia kwa furaha. Nani angeamini? Angesema mpaka sauti imkauke, na kila mtu angedhani ni unyenyekevu. Katikati ya kelele zile alimtafuta Matangirei kwa macho. Alikuwa amesimama wima, hamtazami mtu.

Te Ruakawa alikuwa ameshapanda jukwaa la juu ya lango. Aliweka mikono mdomoni, akawaita walio chini.

"Tamakaha! Tamakaha wee! Njoo umwone shujaa wako! Kichwa chake kinanuka tanuri!"

Chini, michezo ya maji ilikoma.  Kisha Tamakaha akajitokeza peke yake mbele ya lango, mtu mzima mwenye kifua kipana, rungu la mfupa wa nyangumi mkononi.

"Sema tena, mzee. Upepo umekula maneno yako."

"Mdogo wako amechafuka! Mwiko umevunjika! Rudini kwenu!"

Mnong'ono ulipita katika jeshi lile kutoka mtu hadi mtu. Wengine waliinama. Tamakaha hakuinama.

"Nani aliyemfanyia?" aliuliza. Hakupaza sauti, na bado kila mtu alisikia. "Mtaje. Vita hivi naweza kuviacha. Ardhi naweza kuiacha. Lakini aliyemwekea mdogo wangu chakula kichwani, huyo nitamfuata. Nikifa mimi, watoto wangu watamfuata, na watoto wake pia. Nitajie jina lake, Te Ruakawa."

Te Ruakawa alivuta pumzi. Alikuwa amejaa fahari hata masikio hayakusikia hatari. Jina la binti yake lilikuwa limeshafika mdomoni. Hinepua aliliona pale, mdomoni mwa baba yake, na akajua kwamba likitoka halitarudi, na kwamba tangu siku ile atalala akisikiliza hatua za watu.

"Ni mimi!"

Matangirei alikuwa amepanda jukwaa. Alimsukuma Te Ruakawa kando kwa bega, mbele ya pande zote mbili.

"Ni mimi mwenyewe, kaka! Hakuna aliyenifanyia!"

"Matangirei? Unasema nini?"

"Niliona njaa. Niliona kiazi kwenye tanuri lao, nikakichukua, nikala, nikajifuta mikono kichwani kama mtoto. Hakuna mtu wa kumfuata. Nimejivunja mwenyewe."

 Halafu mtu mmoja wa Pukewhau akapasuka kwa kicheko.

"Shujaa kauza vita kwa kiazi!"

"Kimoja tu? Ungesema tukuchomee viwili!"

"Mpeni na jani alambe!"

Ngome nzima ikaangua kicheko. Walicheka watu waliokuwa hawana hata mate ya kucheka nayo. Wazee walicheka, watoto walicheka, na Te Ruakawa alicheka kuliko wote, maana uongo ule ulikuwa mtamu zaidi kuliko ukweli alioudhania. Katikati ya kicheko hicho Matangirei alisimama na mikono imeshuka. Hinepua aliziba masikio, lakini alisikia yote.

Tamakaha alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Huenda aliamini. Huenda hakuamini, kwa sababu mtu humjua aliyelala naye kwenye mkeka mmoja utotoni. Lakini maneno yalikuwa yameshasemwa mbele ya jeshi, na kuhani wao alikuwa tayari amegeuka, ameshika njia ya nyumbani.

"Basi huwezi kurudi," Tamakaha alisema. Sauti ilikuwa imemvunjika. "Huwezi kukanyaga tulipo. Unajua."

"Najua, kaka."

"Mama nimwambie nini?"

"Mwambie nilikufa vitani."

Akashuka jukwaani.

Hawakukawia. Mpaka jua linaanza kuinama, chemchemi ilikuwa tupu, na lango la Pukewhau likafunguliwa. Watu walimwagika na vibuyu, wakisukumana, wakianguka, wakiingiza vichwa vizima majini. Vicheko na vilio vya furaha vilipanda mlimani. Waliompita Matangirei pale alipoketi, mgongo kwenye uzio wa genge, walimtupia neno. Mmoja alimshukuru kwa kiazi. Hakuinua uso.

Hinepua hakushuka kunywa. Alikuja akaketi mbele yake. Hapakuwa tena na hatua za kuhesabu kati yao. Mwiko ulikuwa umevunjika, na mwanamke yeyote, mtumwa yeyote, angeweza sasa kumshika Matangirei begani.

"Hujaniuliza," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Kama nilikusudia."

Matangirei alikuwa akiangalia bahari.

"Sitakuuliza, Hine. Nikiuliza utanijibu, na mimi nitakaa maisha yangu yote nikilipima jibu hilo. Bora nisiwe nalo."

"Lakini unajua. Uliniona nikikitupa!"

"Niliona ukitupa. Niliona na mkono wako ukija."

"Niulize! Nakuomba. Niulize mara moja tu."

"Sitaki."

Hapo Hinepua akaelewa ukubwa wa kile alichokipata. Alikuwa amemtaka mtu huyu tangu kule mabwawani, akitaka aingie lango hili, asitoke tena. Basi ameingia, na hatatoka. Atakula nao, atazeeka nao, atazikwa nao, na kila siku atamtazama kwa upole na hatamuuliza.

Kutoka upande wa pili wa bonde sauti ikapanda. Ilianza moja, nzito, ya mwanamume, na Hinepua akaitambua kuwa ya Tamakaha. Kisha nyingine zikaiunga, mpaka kilima chote kikalia. Walikuwa wakitembea kwenda kwao huku wakimlilia. Walimwita kwa majina yake yote, kama yeye alivyomwita Bibi Te Aohuna asubuhi ile. Nenda, Matangirei. Nenda, mwana wa mama. Nenda kwa mababu, nenda njia ya wengi, usigeuke.

Matangirei aliketi akisikiliza kilio chake mwenyewe. Taya zake zilikuwa zimekaza, mikono imeshika magoti.

Hinepua akavuta joho lake juu ya kichwa, akafungua mdomo, akaanza kulia pamoja nao. Alilia kwa sauti kubwa, kwa maneno yale yale, kama anavyolia mjane, mpaka waliokuwa chemchemini wakaacha kunywa wakatazama juu.

"Nyamaza, Hine," Matangirei alisema. "Unanililia nami niko hapa?"

"Wao wanakulilia wote. Humu ndani huna ndugu hata mmoja. Nani akulilie kama si mimi?"

Matangirei akainamisha kichwa, akamwacha alie.